Wimbo wa Ukinga Bomani

Siku Malkia alipotawazwa kule Ulaya, watu walifurika uwanja wa bomani Njombe kutazama ngoma. Tabea alisimama na mama mkwe wake, mtoto mgongoni. Tangu aolewe huku kutoka Ukinga, Kibena kilikuwa bado kinamshinda, na wao wawili waliongea mambo ya jikoni tu.

Wabena walicheza, wakashangiliwa. Kisha kikaingia kikundi kingine, na Tabea akashtuka. Ulikuwa wimbo wa kwao, wa kuvunia ngano. Akajikuta anaimba kwa sauti, machozi yakimtoka. Alipogeuka, mama mkwe alikuwa anamtazama.

"Samahani, mama."

Mama mkwe akanyoosha mkono. Vidole vyake, vilivyokufa ganzi kwa baridi ya Juni, vikahangaika na fundo la kanga kifuani pa Tabea mpaka likafunguka. Akampokea mtoto, akamfunika kwa blanketi alilojitanda.

"Nenda kacheze."

"Watu watasemaje, mama? Mimi ni mke wa mtu."

"Waambie umetumwa na mama yako."

Tabea akaruka kamba iliyowazuia watazamaji, akakimbilia uwanjani kabla wimbo haujaisha.