Mistari ya Majivu

Majivu yalikuwapo tena.

Mzee Ambwene alisimama kizingitini, ndiyo kwanza anarudi kutoka msalani, fimbo inamcheza mkononi kama imeona nyoka. Sakafuni, toka mlangoni mpaka kwenye kiti chake, kulikuwa na mistari saba myeupe, kila mmoja hatua moja kutoka kwa mwenzake. Asubuhi ya tisa mfululizo. Na hajamwona aingiaye.

Hakutaka kuikanyaga. Nani akanyage kitu asichojua kimetegwa na nani? Akainua mguu, akavuka wa kwanza. Akavuka wa pili. Alipofika kitini jasho la woga lilikuwa linamtiririka, wala hakuwa amejikwaa hata mara moja.

Ugonjwa wake daktari aliuita Pakinsoni. Pale kijijini Kyimo waliuita kutetemeka, na wengine walishusha sauti wakautaja kwa jina lingine. Ulianza na kidole gumba, ukapanda mkono, ukateremka miguuni. Miguu ikawa inaganda chini kama imeshikwa na mtu. Alishaanguka mara nne. Ya mwisho, majuma mawili nyuma, paji la uso lilipasuka. "Nyonga ya mzee ikivunjika, ndiyo basi tena," daktari alisema.

Mwanawe Fred, ushirika wa wakulima ulipokufa, alipata kazi ya kuendesha lori la ndizi kwenda Dar es Salaam. Huko akampata mtaalamu wa mazoezi, Bi Rehana, aliyemsemea mzee mazoezi yote kwenye kanda: simama, hesabu, kanyaga, geuka. Fred akaja na kanda, na karatasi ya maelekezo, na redio kaseti mpya. Vidole vya mzee havikuweza kubonyeza kitufe, basi redio ikawekwa jikoni, nyuma ya ukuta wa mianzi, kwa Tulinagwe mke wa Fred. Mzee akigonga ukuta mara mbili kwa fimbo, upande wa pili kitufe kinabonyezwa.

Hivyo na mila haikuvunjwa. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani wala hawasemezani. Miaka sita Tulinagwe alikaa kwenye kaya ile, na mzee hakuijua sura yake wala sauti yake. Alijua kishindo tu, cha miguu ikikimbilia migombani kila yeye akitokea.

Akagonga. Ko, ko.

"Simama wima, mzee wangu," sauti ikasema. "Kisigino kwanza. Moja."

Siku hizi sauti ilikuwa nzito kidogo, inakwaruza. Betri hizo, mzee aliwaza. Lakini haikuwa na haraka. Akikwama, nayo hungoja. Akikaa sawa, ndipo huja "mbili".

"Ama kweli wasomi," alinong'ona. "Wanajua hata nitakapokwama."

Katika nyumba ile hakuna kingine alichokiamini.

Siku hiyo hiyo dada yake Felista, aliyekuja kutoka Msasani ya huku huku wilayani kumjulia hali, akamwinamia sikioni.

"Kaka, nimemwona. Kwa macho yangu haya. Ulipokwenda msalani, mkwe wako kaingia ananyata, kata ya majivu mkononi. Anainama, anachora, anarudi kinyumenyume kama mtu anayefukia kitu."

"Labda alikuwa anafagia."

"Anafagia kwa majivu? Au kutetemeka kumefika na kwenye akili? Huyo ameingia hapa mwaka gani? Na wewe umeanza kutetemeka mwaka gani? Hesabu!"

Mzee akahesabu. Ulikuwa mwaka ule ule.

Jumapili, baada ya ibada, ukoo ukakaa uani. Fred alikuwa njiani na lori lake. Tulinagwe alikuwa nyuma ya migomba, amewapa mgongo, kajifunika kanga kichwani.

"Majivu hayana mdomo," alisema Lukasi, mzee wa kanisa. "Aulizwe mwenyewe."

"Aulizwe na nani?" Felista akadakia. "Ajibu mbele ya baba mkwe wake? Hapo ndipo mila zimekufa sasa!"

Neno la mwisho ni la mwenye kaya, na hutolewa kwa kusimama.

Mzee Ambwene akainuka bila kushikwa na mtu. Watu wakaguna kwa mshangao. Kisigino kwanza, alijiambia. Moja. Mbili. Akafika katikati ya uwanja, wima kama kijana.

"Arudi kwao Mpuguso," akasema. "Leo hii."

Migombani hakikusikika kilio. Kishindo tu cha miguu, na safari hii hakikuwa na haraka.

Kesho yake Felista alifagia chumba mpaka pembeni. "Haya, kaka. Umepona."

Mzee akarudi kutoka msalani, akafika kizingitini. Sakafu ilikuwa tupu, nyeusi, pana kama mto. Miguu ikaganda. Akanyoosha fimbo, akagonga ukuta.

Ko, ko.

Kimya.

Ko, ko.

"Felista! Hebu ibonyeze hiyo redio!"

Akamsikia dada yake anapekua jikoni, sufuria inaanguka, kisha mguno.

"Redio gani, kaka? Hii? Mbona panya wamezalia humu! Utepe wote wamefanyia kiota, na buibui juu yake. Hii haijasema kitu tangu masika. Na hii karatasi iliyobandikwa ukutani ni ya nini? Imechorwa nyayo za mtu, zinavuka mistari."

Mzee Ambwene alikuwa bado kizingitini, kisigino kimoja juu, anangoja mtu aseme moja.