Shujaa wa Kochini

Mume wangu ameiangalia ile filamu ya magari kufukuzana mpaka anawatangulia waigizaji kusema. Dereva akivunja kizuizi cha polisi, yeye kwenye kochi anakanyaga zulia, eti anaongeza mwendo.

"Mwanaume hapangiwi," akaniambia.

Simu yake ikaita. Alikuwa bosi. Akasimamisha filamu, akainuka, akafunga kifungo cha shati utadhani anaonekana. "Ndiyo, mzee. Hata Jumapili, mzee."

Nyuma yake gari la filamu lilikuwa limeganda hewani.

Nikachukua begi langu la nguo, lililokuwa limefungwa tayari nyuma ya mlango tangu wiki iliyopita, na ufunguo wa gari letu kutoka msumarini. Nilipowasha injini akachungulia dirishani, simu bado sikioni, akaiziba kwa kiganja.

"Mke wangu," akanong'ona, "funga mkanda."