Samaki Aliyewafuga Konokono Bila Kujua

Ndani ya tangi la kioo aliishi Samaki, mteuzi wa chakula kupita kiasi. Kila alipomwagiwa chakula, alidonoa punje mbili tatu na kuziacha nyingine zizame. Asubuhi moja alikuta konokono wametapakaa kila mahali, hana hata pa kupita.

"Nani kawaleta hawa?" alifoka.

Konokono mkubwa alimjibu kwa heshima, "Mimi nilikuja peke yangu, bwana, nimejibandika kwenye jani. Hawa wengine umewalea wewe kwa mabaki yako. Mungu akuzidishie!"

Samaki aliona aibu. Tangu siku hiyo alikula kila punje, hata zilizozama mchangani. Konokono wakakosa riziki, wakapungua. Samaki naye alinenepa, akawa anageuka kwa shida, lakini nafasi ya kugeukia alikuwa nayo.