Mlango Unaolia

Kila Ijumaa Badi aliosha chumvi ya bahari kwenye madirisha na geti kwa maji baridi na kitambaa safi. Mlango wa gereji peke yake hakuugusa. Springi zikala kutu, magurudumu yakakauka, na kila ulipoinuliwa ulilia kama punda. Majirani walimcheka. Badi aliwaacha wacheke, maana kilio hicho ndicho kilichomwambia, hata akiwa amejilaza mchana, kwamba mkewe anatoa gari.

"Leo umetoka mara mbili," alimwambia Mwanasiti alasiri moja, hata uso hajanawa. "Nilikuwa kitandani, lakini mlango nimeusikia kwa masikio yangu. Ulikwenda kwa nani?"

Mwanasiti alimshika mkono, akamwongoza hadi gerejini kama anavyoongozwa mgonjwa, akatia vidole viwili chini ya mlango, akauinua. Ukapanda kimya kama moshi.

"Niliupaka grisi mwenyewe siku ulipoandama mwezi," alisema. "Na sasa mwezi umeshazeeka. Huo unaolia kila mchana, Baba Nasra, ni mlango gani?"

Badi akapapasa springi. Vidole vikarudi vyeusi.

Mwanasiti akajitanda mtandio, akatoka nje juani kwa miguu yake, akaushusha mlango nyuma yake taratibu, bila hata mkwaruzo.

Badi akabaki gizani, grisi vidoleni, na masikioni mwake mlango ukaanza kulia.