Siku Arobaini na Moja za Tafadhali Subiri

Mwimbaji aliirarua bahasha kwa meno, kwa sababu mkono wake wa pili ulikataa kuiachia maikrofoni.

"Soma," mgambo alimwambia. "Mimi nimetumwa tu."

Nyuma ya mwimbaji, mpiga ngoma, fundi wa kunyoosha bodi za magari ambaye wote walimwita Nyundo, aliendelea kupiga kwa ukaidi. Mpiga gitaa, binamu yake mwimbaji, alizima spika ya gitaa lake. Watu sabini hivi waliojazana gerejini wakazomea. Lilikuwa onyesho la kwanza la bendi, Ijumaa jioni, jua bado kali, na ndiyo kwanza walikuwa wamefika wimbo wa pili.

Bendi yenyewe ilikuwa na siku arobaini na moja. Iliitwa Tafadhali Subiri, jina lililotoka kazini kwa mwimbaji, kwenye kituo cha simu kilichopokea malalamiko kwa niaba ya ofisi yoyote iliyolipia huduma hiyo. Kutwa nzima alitukanwa na watu asiowajua kwa ajili ya maji, mabasi, majirani na takataka, na kila tusi alilijibu kwa sauti tamu: samahani sana, tafadhali subiri. Samahani ya nini? Kwani yeye ndiye aliyekata maji? Hasira ilimkaa kooni mpaka akawa hamezi vizuri, na daktari akamwambia hana ugonjwa wowote.

Siku alipopiga mayowe mbele ya gitaa la binamu yake kwa mara ya kwanza, alirudi nyumbani akala chakula chote kilichokuwa sahanini.

Basi hakukosa zoezi hata moja. Mezani kwake kazini alikuwa na malalamiko thelathini ya kumaliza kila siku, na kila moja lilitaka mlalamikiwa apigiwe simu kwanza. Jumatano na Ijumaa, siku za mazoezi, aliyamaliza yote kabla ya saa tisa, wenzake wakamtania kwamba ana mkono mwepesi, msimamizi akampa cheti. Saa kumi alikuwa gerejini, anafoka mpaka mishipa ya shingo inamtoka.

Sasa hii barua. Aliisoma kwenye maikrofoni ili kila mtu asikie. Bendi imepigwa marufuku kwa sababu ya kelele. Vyombo vichukuliwe leo hii.

"Ngojeni, sikilizeni na hii," alisema. "'Walalamikiwa walipigiwa simu, wakasikilizwa kikamilifu.' Nani? Lini? Nyundo, ulipigiwa?"

Nyundo hakupigiwa. Binamu hakupigiwa. Mwenye gereji, mjomba wake Nyundo, naye alitikisa kichwa.

Mgambo akaanza kubeba ngoma, moja baada ya nyingine. Mwimbaji alisikia koo linamkaba tena kama zamani. Vyombo vile vikiondoka, Jumatatu angerudi kwenye samahani zake bila mahali pa kuzitapika, na wazo hilo lilimtia wazimu.

"Kuna mtu amekaa mahali, ametumaliza bila hata kuinua simu," aliwaambia watu. "Hajasikiliza kitu. Ametia alama tu, akachukua mkoba wake akaenda zake. Mshenzi mvivu! Mimi namtaka huyo."

Watu wakapiga kelele kwamba nao wanamtaka. Mmoja alisema waende nyumbani kwake sasa hivi, na hakuonekana kutania.

Binamu alikuwa anachungulia barua begani kwa mwimbaji. "Pale chini wameandika aliyeishughulikia," alisema. "Jumatano, saa nane na dakika hamsini. Jina hawakuweka, wameweka namba."

Akaichomoa ile karatasi mkononi mwa mwimbaji, akaisogelea maikrofoni na kuisoma namba taratibu: mia mbili na kumi na saba.

Umati ukaidaka. Watu wakaiimba huku wakipiga miguu sakafuni, mia mbili na kumi na saba, mshenzi, mia mbili na kumi na saba, na Nyundo akawapa mdundo kwa ngoma moja aliyobakiwa nayo. Tangu izaliwe, bendi haikuwahi kupata sauti kubwa kama ile.

Mwimbaji peke yake hakuimba. Alivuta zipu ya koti mpaka kidevuni, pamoja na joto lote lile, ili kadi ya kazini iliyoning'inia kifuani mwake isionekane namba.