Grisi ya Mkia wa Kondoo

Kibwana alitaka kusikia neno moja tu kutoka uvunguni mwa gari: nendeni. Mlima ulikuwa mbele, na bibi harusi wake, Zamda, alikuwa amekaa kiti cha nyuma.

Fundi Nyamizi alilala chali chini ya propela shafti, lile bomba refu linalopeleka nguvu kwenye magurudumu. Kiungo cha bomba hilo kilivuja uji wa kahawia. Akachota kwa kidole, akasugua, akanusa. Ikinuka yai bovu, ni oili ya difu, ile ya gia za ekseli ya nyuma. Hii ilinuka bucha lililokatikiwa umeme. Akatema mate mara mbili.

"Bwana harusi, hapa umetia nini?"

"Grisi, fundi."

"Grisi gani ina funza?"

Paka wawili walikwishafika, wanalamba matone kama waalikwa waliochelewa.

"Mafuta ya mkia wa kondoo," Kibwana akanong'ona. "Si yanateleza?"

"Yanateleza sana, shemeji. Mpaka korongoni."

Kioo cha nyuma kikashuka. Zamda alikuwa ameziba pua kwa mtandio.

"Kibwana, uvundo huu si uliniambia ni pilau imelala?"

"Nilisema hivyo ili usiogope, mke wangu."

"Na mengine uliyoniambia, nayo umeyapaka nini?"

Kibwana akafungua mdomo. Mlango ukatangulia. Mguu wenye hina ukatoka, ukasita juu ya kidimbwi cha mafuta. Paka mmoja akainua kichwa, akaunusa unyayo, kisha akarudi kwenye kondoo wake. Mguu ukabaki unaning'inia, si ndani ya gari wala nje.