Funda la Maji

Kidawa alipiga funda kubwa la maji, lakini hakulimeza. Mashavu yakiwa yamemjaa, aliketi nyuma ya muuguzi Adelina na kumwashiria aanze.

Kidawa ndiye aliyeandika mwongozo wa programu ya kompyuta ya kutunza taarifa za wachangia damu hospitalini pale. Wauguzi waliotangulia aliwaelekeza kwa mdomo kila walipokwama. Waliisifu programu, na kesho yake wakarudi kwenye mafaili ya karatasi. Jioni hii mganga mkuu angeamua ibaki au iondolewe. Safari hii mwongozo ungejitetea wenyewe, na maji yangemzuia yeye kuelekeza.

"Sanidi hifadhidata kabla ya kuendelea," Adelina alisoma ukurasa wa kwanza. "Dada, hii ndiyo nini sasa?"

Kidawa alikaza midomo. Jibu lilikuwa pale pale nyuma ya meno.

Adelina alisonya, akafunua kurasa mpaka wa mwisho. Huko kulikuwa na mfano mmoja, ambao Kidawa nusura aufute: namna ya kumtafuta mchangiaji wa kundi O. Adelina aliunakili kama ulivyo, na majina yakajipanga kwenye skrini. Kisha, bila kuambiwa na mtu, alifuta O akaweka A. Yakaja mengine.

"Kumbe ni hivi tu?" alisema, na kidole kilikuwa kimeshafika kwenye B.

Kicheko kilimbana Kidawa, maji yakamtokea puani. Adelina hata hakugeuka. Kidawa alinyoosha mkono, akachana ukurasa wa kwanza, akajifutia uso.